Zuio Ulilolitaka Mwenyewe

Baba, shikamoo.

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu akuzungukie. Mtu akianza na salamu ndefu ulikuwa unamkata: "Sema lililokuleta." Basi lililonileta ndilo hilo. Jumatano baraza la ardhi limetoa hukumu. Shamba ni letu, hoteli iondoe taa zake, viti vyake na maturubai yake, na isikanyage tena bila ruhusa yetu. Wameambiwa walipe na fidia, lakini hiyo nimemwachia mwanao Shabani na wakili waisumbukie, mimi sina hamu nayo.

Nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele. Nilikuwa nimeviweka tayari kabisa, wallahi. Mwenyekiti alipomaliza kusoma, Shabani akanishika bega, na mimi nikabaki nimekaa, natazama kiti cha mbele yangu, kile ulichokuwa ukikalia wewe. Kilikuwa na mtu mwingine mwenye kesi yake, anasubiri kuitwa. Nikalia mpaka karani akaja kuniuliza kama tumeshindwa.

Kesi hii unaijua kuliko mimi. Lakini nataka niiandike tangu mwanzo, maana nikiiacha kichwani inanizunguka na silali. Nivumilie.

Ile hoteli ilipojengwa ng'ambo ya mpaka wetu, kule pwani ya kuelekea Mbegani, hatukuwa na neno nayo. Kila mtu na lake. Kisha wakaanza kuegesha magari ya wageni wao chini ya minazi yetu. Ukasema magari hayali nazi. Wakapigilia misumari kwenye minazi wakafunga taa. Ukasema taa zinapendeza. Nikakwambia baba, hawa wanakupima, ukanijibu kwamba nina roho ya polisi. Wao hawakuja kupiga hodi hata siku moja. Siku ulipoamua kwenda kuwauliza mwenyewe, ulivaa kanzu, ukashika bakora, ukatoka umefura. Jioni ukarudi umeshiba pilau.

Nilikasirika, sikukuuliza hata habari. Ukaja ukakaa kwenye mkeka ukanieleza taratibu, kama mtu anayejitetea kwa mamaye. Ulifika ukakuta watu wanafunga ndoa. Bwana harusi yuko kwenye zulia, sheikh kamshika mkono, na zulia limetandikwa shambani kwako. Wakakuona mzee wa kanzu na kofia, wakakuvuta mbele, wakakuketisha karibu na sheikh. Dua ikasomwa, ukaitikia amini na wenzako. Sahani ikaja, ukanawa. "Hawa, ningefanya nini? Nimwambie sheikh anyanyuke?" Hakuna mtu wa kwetu ambaye angemwambia, baba. Ndoa ya watu haivunjwi na chakula cha harusi hakisukumwi. Ukasema yako yatangoja kesho, na kesho ikawa Ijumaa, na baada ya Ijumaa ukaona haya kwenda kugombana na watu uliokwisha kula kwao.

Mpiga picha wa hoteli alikuwepo. Picha hiyo ilikuja kututoa jasho.

Kilichokuamsha ni viti. Kwenye kona ya shamba, upande wa bahari, wamelala watu wetu: babu, bibi, mdogo wetu aliyefariki mchanga, na mama. Makaburi yenyewe ni kama ya kwetu yote, jiwe kichwani na jiwe miguuni, na kwa mama ulipanda mrehani. Asiyejua anaona majani tu. Kando ya mama uliacha nafasi ya mtu mmoja. Tangu mama alipokufa, mimi nikiwa ndiyo kwanza naanza kuvaa sketi ya shule, ulikuwa unatuonyesha: "Hapa pangu, msipande kitu." Hata mihogo ilipotujaa kila mahali, pale hapakuguswa. Sasa ulikwenda kupalilia ukakuta viti vya harusi ya jana yake. Viti vyeupe vya plastiki, vimevishwa vitambaa vyenye vifundo mgongoni, safu nzima juu ya mama.

Hukupiga kelele. Ulivitoa kimoja kimoja ukavipanga pembeni, tena vizuri, kama mali ya mtu. Ukarudi nyumbani, ukavua kofia, ukasema, "Nitafutie wakili." Sijakuona na uso ule tena.

Watu wa hoteli hawakusema shamba ni lao. Hilo wasingelithubutu. Walisema mzee alitupa ruhusa kwa mdomo, na alama ya ruhusa ni hii hapa, anakula nasi na kutuombea dua. Unakumbuka wakili wao alivyokusogezea picha. Mzee, huyu ni nani? Ni mimi. Unafanya nini? Nakula. Watu wakacheka, na wewe ukacheka, ukidhani wanacheka na wewe. Akauliza, je, asiyekubali hula? Ukamwambia, "Nimekula harusi ya watu, sikula harusi ya hoteli." Mimi kule nyuma nikajisemea, baba yangu huyo.

Lakini akasema lile la pili. Ati siku hizi watu wakitaka ardhi hutafuta makaburi ya kusingizia. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, huku anafunua karatasi zake. Uliinama, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako, niliona shingo yako. Wakili wetu alipinga, mwenyekiti akamwonya yule bwana, mambo yakaendelea. Wewe hukuendelea. Njiani kurudi nilikuongelesha, ukawa unaitikia "naam, naam" kwa mambo ambayo hayakuwa ya kuitikiwa naam.

Siku hiyo ndiyo ulipokata kauli kutaka zuio. Harusi zilikuwa zinaendelea kesi ikiwa barazani, na walikuwa wameanza kuchimba mashimo ya nguzo. Binti wa watu, wakili wetu, alikueleza vizuri. Mzee, zuio linabana pande zote mbili. Asichimbe yeye, usichimbe wewe, asijenge yeye, usivune wewe, mpaka hukumu. Wewe huna jambo la kufanya mle ndani? Ukamjibu umekunjua uso, "Mimi nina jambo gani? Nazi zitaanguka zenyewe." Amri ilipotoka ulirudi na halua, tukainywea kahawa kibarazani. Ulifurahi kama mtu aliyeoza binti. Mimi nilikula halua ile, baba, na nilifurahi pia, na hakuna aliyekumbuka kwamba kaburi nalo huchimbwa.

Na ulivyolishika zuio lenyewe! Kampuni yenye mawakili ilikuwa inaiba iba kupitisha magari, na wewe mwenye shamba ukawa husogezi hata unyayo. Nazi zilianguka zikachipukia palepale. Nilikubembeleza tuingie tupalilie kwa mama tu, nani atatuona. "Nikilivunja mimi, wao nitawashika vipi?" Ukawa unasimama njiani, unasoma Fatiha yako ukiwa barabarani, na waendesha bodaboda wanakukwepa wanakupigia honi. Nilikuona mkaidi. Hata sasa nakuona mkaidi.

Kesi ikawa inaahirishwa. Leo mwenyekiti yuko safarini, kesho wakili wao anaumwa. Wewe ulikuwa unakwenda na kofia yako ya kushona, unakaa kwenye benchi la nje unadarizi viua, na macho yalikuwa yameshapungua, basi kazi yangu ni kukutungia uzi. Wakati mwingine uzi haujaisha ulikuwa unanipa sindano nitunge upya. Nilijua. Ulitaka tu nisogee tuzungumze. Tulizungumza mengi kwenye benchi lile kuliko miaka yote niliyokaa kwa mume, na kuliko tangu nilipoachika nikarudi kwako. Ulinisimulia mama alivyokukataa mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa unatembea kama bata. Nilicheka mpaka askari akatuambia tunyamaze. Nikikumbuka benchi lile nashindwa hata kuichukia kesi.

Kisha ikaja masika na kifua chako. Haya siyaandiki marefu.

Shabani aliomba ruhusa kule machimbo ya kokoto Lugoba, akaja. Alikuwa amekaa uani anasema kwa sauti kwamba Mungu atakuponya, lakini ikiwa vingine, yeye atakwenda kusafisha kando ya mama. Ulimsikia. Ukaniashiria nifunge mlango. Ukasema, "Msichimbe." Sikuelewa mara moja. Ukasema tena, unahema. "Nikilazwa mle kesi haijaisha, yule bwana atasema tumeleta maiti iwe ushahidi. Sitaki kuwa ushahidi, Hawa. Nizikeni mjini na watu." Nikakwambia ngoja nimpigie wakili, ataomba ruhusa, mwenyekiti ni mtu, jambo la maiti halikataliwi. Simu nilikuwa nayo mkononi, jina lake nimeshalitoa. Ukasema, "Usipige." Ukanitazama mpaka nikaiweka chini.

Baba, ulijua unanibebesha nini? Ulijua kwamba chumbani tulikuwa wawili tu?

Maana ulipofariki, Shabani hakungoja. Watu wanaleta maji ya kukuosha, yeye ameshatoa jembe na chepe na ameshawapanga vijana. Ilinibidi nisimame mlangoni, mwanamke mbele ya wanaume wote wa ukoo, niseme baba kasema hapana. Baba mdogo akaniuliza kwa upole, nani mwingine alisikia? Nikasema hakuna. Akaangalia chini. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyesema neno, na afadhali wangesema. Niliona kwenye macho ya ndugu yangu kwamba ameniona nimeithamini kesi kuliko baba. Alilitupa lile chepe uani, likagonga sinia la watu, akaenda kuchukua jeneza msikitini.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo desturi. Nilisikia mnavyoondoka, sauti za dhikri zikipungua kuelekea barabarani, na zikaelekea kulia, mjini. Shambani ni kushoto. Hapo ndipo nilipoanguka, baba. Waliniweka chini wakanimwagia maji. Shabani aliporudi ana udongo kwenye suruali, nikamuuliza wamekulaza wapi, akanijibu bila kunitazama: karibu na ukuta, usawa wa mwarobaini.

Nilikukasirikia. Niseme ukweli, nani nitamwambia kama si wewe. Khitma imesomwa, arobaini imepita, na mimi nimekukasirikia. Shambani ningekuja alasiri na mkeka wangu, nikang'oa majani, nikakueleza bei ya samaki imefika wapi na nani kaoa nani. Ni kwetu, nani atanizuia? Kule mjini masheikh wetu hawapendi wanawake tuingie makaburini, basi nasimama nje ya ukuta, natazama mwarobaini, nasoma. Wapitao wananiuliza mama unangoja gari? Hata kaburi lako lenyewe sijaliona. Ulilinda heshima yako mbele ya wakili mmoja wa hoteli, ukaninyima mimi pa kukaa. Ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Lakini kesi ilibaki, na mtu wa kuibeba ikawa mimi. Ukoo ulinipitisha, mahakama ikanithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi yako, na jina langu likakaa mahali pa jina lako. Siku ya kwanza karani alipoita nilingoja usimame.

Baadaye baraza likaja kuliona shamba. Nilikaa roho juu. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, mrehani umemezwa, na nikajua sasa watasema makaburi yako wapi. Wakili wao alikuwa amevaa viatu vya kung'aa, ananyanyua miguu kama jogoo kwenye matope. Miongoni mwa wazee wa baraza kuna bibi mmoja, sijui watu wake wa wapi. Alikunja baibui, akachuchumaa, akatenga majani kwa mikono mpaka akalifikia jiwe la kichwani, akasogea akalitafuta la miguuni. Kisha akakaa pale, viganja wazi, akasoma Fatiha. Mwenyekiti akavua miwani akangoja amalize. Na yule bwana, baba, naye akainamisha kichwa. Sikumpenda, lakini nimeona nikwambie.

Katika hukumu mwenyekiti alisema kula chakula cha harusi si kutoa ardhi, na kwamba mtu hawezi kufanywa mgeni kwenye shamba lake mwenyewe. Aliongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema mdai alilitii zuio mpaka kifo, na baraza limeliona hilo. Basi, maneno hayo tu, akaendelea na mengine. Shabani aliyasikia. Hapo ndipo aliponishika bega.

Tulipotoka, tulipanda pikipiki moja mpaka shambani. Ukiacha siku ile ya baraza, ndiyo kwanza nakanyaga mle tangu ulipochukua zuio lako. Miche ya minazi imejiotea kila mahali, ovyo, hakuna mstari. Tulipalilia kwa mama mimi na Shabani. Mrehani uko, umedhoofu lakini uko. Na ile nafasi yako iko vilevile, safi kuliko kote, sijui kwa nini majani hayakuipenda.

Nilikaa nikamwambia mama. Nilimwambia haji. Nilitaka kumweleza habari ya zuio na wakili na picha ya pilau, nikaona haina maana, nikasema tu mama, baba yuko mjini, haji. Alikusubiri tangu nikiwa mtoto, baba. Nililia kilio ambacho siku ya msiba hakikutoka.

Shabani akasimama na jembe lake, akasema sasa hakuna zuio, tumfukue tumlete. Alishapanga kila kitu kichwani. Nami, nisikufiche, nilitaka. Tukaenda kwa sheikh palepale, na udongo wetu miguuni. Sheikh alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaoshwa, kasaliwa, kazikwa pale alipotaka. Mnamwamsha wa nini?" Shabani akafunika uso, akalia, mwanaume mzima mwenye mvi.

Njiani kurudi akaniuliza. Ilimchukua muda wote huo kuniuliza. "Dada, kweli alisema?" Nikamwambia alisema, mara mbili, na simu nilikuwa nimeishika. Akatembea kidogo. Akasema, "Ndivyo alivyo." Tangu siku hiyo anakula tena chakula changu.

Basi sitakufukua, baba, na simruhusu mtu akufukue. Hasira imenipungua. Haijaisha, ila imepungua kiasi cha kukuandikia. Ulitaka kulala bila mtu kukunyooshea kidole, na umelala hivyo. Nitakuja kila Ijumaa pale ukutani, waache waniulize gari.

Imebaki nafasi. Shabani anataka tupande mnazi pale, ati pasikae wazi panatia huzuni. Nimekataa. Nimewaita wanangu, nimemweka Shabani awe shahidi, na safari hii nimesema mbele ya watu wa kutosha, asije mtu akauliza nani mwingine alisikia. Siku yangu ikifika, wasinipeleke mjini na wasinirudishe kwa watu wa mume. Ulimwahidi mama kwamba utakwenda kulala kando yake, na hukuweza.

Buriani, baba yangu. Lala. Nitakwenda mimi.

Mwanao,
Hawa